Nani Analala Humu

Siku ile mjinga alikuwa Funguo, na hata yeye mwenyewe habishi. Mtu mzima, fundi wa vitasa anayeaminiwa na mtaa mzima, alioga mara mbili, akapiga pasi shati la mikono mirefu, akajipulizia manukato shingoni na nyuma ya masikio, kisha akabeba sanduku la vifaa kwenda kumfungia mwanamke anayempenda nje ya nyumba yake. Angekwenda na moyo wa kawaida angeuliza maswali. Alikwenda na moyo uliovaa viatu vipya, na moyo wa namna hiyo hauulizi kitu, unatembea tu huku unajitazama.

Ilianza asubuhi, kibandani kwake. Kibanda chenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kuna mashine ya kuchonga funguo na ukuta mzima wa funguo ambazo bado hazijapata mlango. Nyuma kuna kitanda, jiko, na sufuria inayotosha mlo wa mtu mmoja. Funguo akila hula amesimama, maana akikaa anakiona kiti cha pili. Zamani alikuwa na mchumba. Mchumba akaolewa na muuza vitanda, na aliyeitwa kwenda kufunga kitasa cha chumba cha maharusi ni nani? Ni Funguo. Kisa hicho hukisimulia mwenyewe, na wateja hucheka mpaka wanashika kaunta. Wakishaondoka, huwasha redio ili chumba kisiwe kimya sana.

Asubuhi hiyo aliingia mwanaume mnene, futi ya chuma imening'inia kiunoni. Anauza madirisha ya alumini, na watu humwita Futi kwa sababu hawezi kusimama mahali bila kupima kitu. Kabla hata ya salamu alishapima kaunta kwa macho.

"Fundi, kuna mlango wa kubadilisha kitasa. Ile nyumba ya marehemu kaka yangu."

Funguo aliiweka tupa chini taratibu. "Ya yule mama wa duka la miwani?"

"Huyo huyo, mjane. Anaogopa. Analala peke yake, kitasa kimechakaa. Ameniomba nimtafutie fundi."

"Ameomba fundi yeyote, au ameomba fundi fulani?"

Futi alimtazama kama mtu anayetazama dirisha lililopinda. "Fundi wa vitasa. Mtaani mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Basi ameomba wewe."

Maneno hayo Funguo aliyameza kama dawa tamu. Ameomba wewe! Kwa nini asiamini? Tangu mwanamke yule afiwe na kurudi kazini, Funguo amekuwa akienda dukani kwake na miwani yake ya kusomea, akidai skrubu imelegea. Wateja humwita Miwani. Hukaa nyuma ya meza ndogo yenye taa, anasugua lenzi, anakaza, anapinda vishikio kwa vidole vyembamba vyenye subira. Humwambia Funguo, "Kaa hapa, geuka kwenye mwanga," kisha humvalisha miwani kwa mikono yake mwenyewe, na kwa kitambo hicho kifupi nyuso zao zinakuwa karibu kiasi kwamba Funguo husahau kupumua. Halafu Miwani husema, "Tayari," na Funguo hurudi kibandani, anachukua bisibisi yake ndogo kuliko zote, na kuilegeza tena ile skrubu.

Kwa hiyo siku hiyo hakuchukua kitasa cha kawaida. Alifungua droo ya chini, akatoa kitasa alichokuwa amekitunza kwa miaka, kizito, cha shaba tupu, kisichochokonoleka kwa waya wala ufunguo bandia. Hata yeye alishajaribu kukichokonoa siku za upweke, akashindwa. Alikuwa amekiweka kwa ajili ya mlango wake mwenyewe, siku atakapokuwa na kitu cha kulinda. Akakipangusa, akakifunga kwenye kitambaa. Kama watu wengine wanavyopeleka maua.

Nyumba ilikuwa ndogo, imetulia, na mwenyewe alikuwa bado kazini. Futi alifungua kwa ufunguo aliosema ameachiwa. Funguo alipiga magoti mlangoni, akaanza kutoa kitasa cha zamani. Shaba yake ilikuwa imelika pembeni mwa tundu, pale ambapo ufunguo hukwaruza mkono ukitafuta njia gizani. Mikwaruzo ilikuwa ya aina mbili, ya juu na ya chini. Watu wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Ile ya juu ilikuwa imeanza kufifia.

Hakutaka kuchungulia ndani, lakini mlango ulikuwa wazi na macho hayana komeo. Aliona meza, kikombe kimoja kimefunikwa sahani. Aliona miwani ya kiume imekunjwa juu ya redio, lenzi zake safi, zimefutwa leo hiyohiyo. Kumbe kuna mtu anasafisha miwani ya macho yasiyoona tena, kila asubuhi, kabla ya kwenda kusafisha ya wengine.

Nyuma yake Futi alikuwa akizunguka na kuvuta futi, *krrr*, dirisha hadi dirisha. Kwenye fremu palikuwa na alama za vipimo za penseli zilizokwishapauka, naye alizipitia moja moja kuhakikisha.

"Unambadilishia na madirisha?" Funguo aliuliza.

"Nyumba lazima ijulikane vipimo vyake," Futi alijibu, na Funguo akaona ni jibu.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lenyewe. Mzee aliyemfundisha kazi alimwachia sharti moja tu: kabla hujagusa kitasa cha mlango wowote, mtafute mtu wa humo umuulize, nani analala humu? Usiulize nani mwenye nyumba, kwa sababu hata aliyeko mbali anaweza kujiita mwenye nyumba. Uliza anayelala. Funguo hakuwahi kuliacha sharti hilo, hata kwa askari, hata kwa mwenye nyumba anayepiga kelele za kodi. Siku hiyo aliliacha. Alijua nani analala humo. Usiku mwingi alikuwa amelala akilifikiria hilo.

Kazi ilipokwisha, Futi alichukua funguo zote mpya, akazitia mfukoni na kufunga mlango.

"Ngoja nimsubiri mwenyewe," Funguo alisema, "nimwonyeshe kinavyofungwa. Kina mzunguko wake."

"Nitamwonyesha mimi. Nenda, fundi. Ahsante."

Funguo hakwenda. Alisimama getini akipanga vifaa vilivyokwishapangwa, shati likianza kulowa mgongoni, manukato yakipambana na jasho. Alitaka tu aonekane. Alitaka Miwani afike, aguse kitasa kipya na kuuliza, nani kafanya kazi nzuri hivi?

Miwani alifika na mkoba begani, hatua za mtu asiyesubiriwa na mtu. Alimwona Funguo, akashangaa, akatabasamu kidogo. "Fundi! Skrubu imekufuata mpaka nyumbani kwangu?"

Alimpita bila kungoja jibu, ufunguo wake mkononi. Ukagonga shaba, haukuingia. Akaugeuza. Akajaribu tena, polepole, kama anayehisi kosa ni la mkono wake. Kisha akainama, akakitazama kitasa kwa karibu sana, kama anavyotazama lenzi iliyopasuka. Alipogeuka tabasamu lilikuwa limekwisha, na macho yake yalitua juu ya kitasa cha zamani mkononi mwa Funguo.

"Umefanya nini?"

"Nimekubadilishia," Funguo alisema, na hata kabla sentensi haijaisha alianza kuhisi baridi. "Shemeji yako alisema umeomba. Unaogopa kulala peke yako."

"Naogopa kulala peke yangu," Miwani alirudia. "Nani hajui hilo? Lakini sijamwomba mtu anitoe nje."

Futi alijitokeza kutoka upande wa nyuma akikunja futi yake. "Shemeji, usipandishe sauti. Ukoo umekaa. Tumeona upumzike kwenu mpaka mambo ya kaka yaishe. Nguo zako tutakuletea."

"Kwetu ni hapa."

"Hapa ni kwa kaka."

"Na mimi nilikuwa nani wa kaka? Mpangaji?"

"Ulikuwa mke, hakuna anayekataa." Futi alishusha sauti, akawa kama mtu mwema. "Lakini tuseme ukweli, shemeji, hukumzalia. Ungekuwa na mtoto hata mmoja tungesema nyumba ya mtoto. Sasa tunamwachia nani? Ukifa wewe, nyumba inakwenda kwa nani?"

Miwani hakulia. Alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa blauzi na kuivaa tena. Ndivyo afanyavyo dukani mteja akimtukana.

"Wiki ijayo jaji anatusikiliza," alisema. "Wakili ameniambia mke aliyefiwa anakaa nyumbani kwake, awe na watoto kumi au asiwe na hata mmoja. Na ameniambia mpaka mahakama imtaje msimamizi wa mirathi, hakuna wa kugawa wala kufunga hata kabati. Wewe unalijua hilo, shemeji, wakili wenu amekueleza. Ndiyo maana ukawahi leo. Ukifika pale useme, mjane mwenyewe aliondoka, nyumba aliiacha tupu. Au siyo?"

Futi alitazama pembeni, akaupima ukuta.

"Nipe funguo," Funguo alisema, akinyoosha mkono.

"Fundi, kazi yako imekwisha."

"Uliniambia ameomba yeye."

"Na wewe ukakimbia kuja! Umenyoa, umenukia kama bwana harusi." Futi alicheka, na kicheko chake kilikuwa kimepata njia. "Hebu ngoja. Mtu gani anavaa shati la pasi kwenda kufunga kitasa? Shemeji, huyu ni fundi wako au ni nani wako? Mimi siku ya mazishi nilibaki hapa kulinda nyumba hii, hata kaburini sikufika, na kumbe mlinzi mwingine alikuwa anajipanga!"

Miwani alimtazama Funguo kuanzia viatu hadi kola. Alinusa. Funguo alitamani ardhi impe nafasi.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Ulioga kabisa, ukaja kunifungia nje."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Wewe mwenyewe uliniambia dukani, unajigamba, huwezi kugusa mlango kabla hujauliza lile swali lako. Leo ulimuuliza nani?"

Hakuna aliyewahi kumchapa Funguo kama maneno hayo. Alitua sanduku chini, akalifungua, akatoa drili ya betri. Kisha akasita, maana kulikuwa na neno la aibu alilopaswa kulisema.

"Hicho kitasa hakichokonoleki," alisema. "Nilikileta makusudi, kizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Nilikuwa nakitunza. Njia ni moja, nikitoboe kife."

"Ulikuwa unamtunzia nani?"

Masikio ya Funguo yalijibu kwa niaba yake, yalivyoiva.

"Ukigusa mlango huo nitakushtaki," Futi alisema. "Mimi ndiye niliyekuajiri."

Funguo hakumgeukia. Alisogea hadi alipokuwa Miwani, akasimama mbali kidogo kama mgeni wa heshima.

"Mama," alisema, "nani analala humu?"

Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa za jirani, na mwanga ulipiga lenzi za Miwani hata macho yasionekane. "Mimi," alisema. "Upande wa ukutani. Upande mwingine huwa nauacha."

Drili ililia. Futi alitoka hadi getini akipiga simu kwa sauti ili kila jirani asikie anapiga simu. Vumbi la shaba lilimwagika kwenye kizingiti kama unga wa dhahabu, na Funguo alikitoboa kitasa alichokitunza miaka yote ile akijua hatapata kingine. Miwani aliinama karibu naye, kama kumwangazia.

"Unalegeza mwenyewe," alinong'ona.

"Nini?"

"Skrubu. Fundi mwenye bisibisi za kila saizi, analeta miwani nimkazie. Uliniona mtoto?"

Drili ilimponyoka kidogo. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa imelegea kweli." Akapangusa vumbi la shaba kwenye mlango. "Nilimuuliza wakili. Nilimwambia, hivi mjane akipenda tena? Akauliza, yupo mtu? Nikasema, namuulizia rafiki yangu."

"Akasema nini?"

"Akasema nyumba ni yangu kuishi mpaka nife, maadamu mimi ni mjane. Nikiolewa, haki hiyo inakoma, nyumba inarudi kwa kina Futi. Ile sehemu niliyoijenga kwa jasho langu naweza kuidai, lakini ni kesi nyingine, na kesi inakula miaka." Alijaribu kucheka. "Umeona? Wamenipa nyumba na upweke kwenye kifurushi kimoja, na huruhusiwi kurudisha kimoja."

Funguo alizima drili. Alikuwa na maneno mengi, ya kibandani, ya kusema huku amesimama na sufuria. Aliona kitanda chake nyuma ya pazia, akakionea haya. Amwambie nini? Acha nyumba uliyoijenga, njoo tule kwa zamu, kiti cha pili kipo?

"Basi mimi sikuombi kitu," alisema.

"Najua. Ndicho kinachoniuma."

Kitasa kilikufa kwa sauti ndogo, *tak*, na mlango ukasogea wenyewe. Miwani aliingia. Aliigusa miwani iliyokuwa juu ya redio, akainua sahani juu ya kikombe, akairudisha. Ndani mlikuwa kimya kiasi kwamba Funguo, aliyebaki nje, alisikia saa ya ukutani. Alikijua kimya hicho. Kilifanana na cha kwake, ila hiki kilikuwa na vyumba zaidi.

"Mlango hauwezi kulala wazi," Miwani alisema.

Funguo aliokota kitasa cha zamani, kile chenye mikwaruzo. "Nitakurudishia hiki. Ufunguo wako utaingia."

"Kirudishe."

"Lakini skrubu za hiki hukazwa kutokea ndani." Aliitazama mistari ya vumbi la shaba kwenye kizingiti, na ncha za viatu vyake zilizosimama nje yake. "Nikiingia, huyu atakwenda kusema mahakamani. Ngoja nikuelekeze, ukaze mwenyewe."

"Mimi nakaza za miwani, fundi. Za mlango zinakushinda wewe?" Akasogea pembeni, akaushika mlango kwa mkono wote. "Ingia. Fanya kazi yako, umalize, uende. Atakayeulizwa ni mimi, na nitajibu."

Funguo aliinua mguu, na Futi akarudi mbio kutoka getini, simu bado sikioni, futi ikigonga paja.

"Nimeona! Majirani, mmeona!" Sauti ilikuwa imempanda hadi inakatika. "Shemeji, nakwambia mbele ya watu. Huyo mwanaume akivuka hicho kizingiti, jua umemzika kaka yangu mara ya pili!"

Miwani hakupandisha sauti. Alimwacha Funguo apite mbele yake, kitasa cha zamani mkononi, kisha akapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha la kando ya mlango, juu ya alama za penseli zilizopauka, moja baada ya nyingine.

"Mara ya kwanza nilimzika bila wewe, shemeji," alisema. "Ulibaki hapa kupima madirisha."